Elimu ya Siasa na Ushiriki wa Wanachuo katika Siasa: Uhakiki wa Dhana na Vipimo kwa Kurejelea Kwashemshi, Wilayani Korogwe

Utangulizi

Tafiti nyingi zinazohusu wanachuo wa Tanzania na siasa hufikia hitimisho moja ambalo sasa limekuwa kama kiitikio: elimu ya siasa huongeza ushiriki wa wanafunzi katika siasa, kwa hiyo elimu hiyo iongezwe. Makala haya yanahakiki hitimisho hilo. Hayadai kwamba ni la uongo. Yanadai kwamba limejengwa juu ya maneno ambayo hayajapimwa, na kwamba pendekezo linalotokana nalo humtwisha mwanafunzi lawama isiyo yake. Mwanachuo asipoonekana kwenye kituo cha kupigia kura, tafiti husema hakuelimishwa; kama alizuiwa na kalenda ya chuo, na daftari la wapigakura au na sheria ya vyama, ni nadra kuulizwa.

Kwashemshi ni kata ya Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, katika ukanda wa mkonge ulio chini ya milima ya Usambara. Kwa suala hili, umuhimu wake ni kwamba si mahali pa chuo kikuu. Ni mahali ambapo mwanachuo hutoka na ambapo hurudi wakati wa likizo. Utafiti unaofanyika ndani ya uzio wa chuo humwona kijana huyu nusu tu: humwona akiwa mwanafunzi, haumwoni akiwa mkazi wa kitongoji, mtoto wa mkulima wa mkonge, au mtu anayeombwa na wazee kuandika muhtasari wa kikao kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Uhakiki huu unaitazama mada kutoka upande huo wa pili.

Jina moja, mambo matatu

Istilahi "elimu ya siasa" hutumika katika tafiti kana kwamba ina maana moja tangu uhuru hadi leo. Haina. Katika enzi ya chama kimoja ilimaanisha mafunzo ya itikadi: somo la Siasa shuleni, kozi za Chuo cha Kivukoni, kilichoanzishwa mwaka 1961 na baadaye kufanywa chuo cha itikadi cha TANU, pamoja na masomo ya maendeleo ambayo kila mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilazimika kuyasoma. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya chuo hicho iliundwa mwaka 1973 kwa kazi hiyo hasa. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, somo la Siasa liliondolewa na mahali pake pakachukuliwa na Uraia. Tume ya Jaji Francis Nyalali, ambayo ndiyo iliyopendekeza mfumo wa vyama vingi, ilitaka pia wananchi wapewe elimu ya uraia ili waweze kuishi katika mfumo huo mpya. Kisha ikaja elimu ya mpigakura, inayotolewa kwa majuma machache kabla ya uchaguzi na kusimamiwa na tume ya uchaguzi.

Mambo haya matatu hayana lengo moja. La kwanza lilitaka mwanafunzi akubali mwelekeo uliokwisha kuamuliwa. La pili linamtaka ajue haki zake na mihimili ya dola. La tatu linamtaka ajue namna ya kukunja karatasi ya kura bila kuiharibu. Mtafiti anayewauliza wanachuo kama "wamepata elimu ya siasa", kisha akakokotoa uhusiano kati ya jibu hilo na ushiriki, huwa anajumlisha maembe, mihogo na magunia.

Neno siasa lenyewe halijatulia. Katika Kiswahili cha zamani, kufanya jambo kwa siasa kulimaanisha kulifanya kwa upole na utaratibu. Leo mtu akiambiwa aache siasa, huwa anaambiwa aache porojo au ujanja. Mwanachuo anayejaza hojaji na kukana kwamba hujihusisha na siasa huenda anakana porojo, ilhali jioni hiyohiyo anabishana na viongozi wa serikali ya wanafunzi kuhusu mikopo. Hojaji haina safu ya kuandika tofauti hiyo.

Waliofundishwa na waliojifundisha

Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiyo maabara bora ya kupimia dai linalohakikiwa, na inashangaza jinsi inavyopitiwa haraka katika sura za mapitio ya maandiko.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao uliwataka wahitimu watumikie taifa kwa miaka miwili na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi ya mabango yalidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Rais Nyerere aliwafukuza wanafunzi zaidi ya 300, na siku hiyohiyo akatangaza kujipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi ikatolewa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo uliitazama elimu iliyorithiwa kama kiwanda cha kutengeneza watu wachache wanaojiona bora kuliko jamii iliyowalea. Kwa hiyo elimu ya siasa vyuoni, kwa sura yake ya kitaifa, ilizaliwa ikiwa jibu kwa ushiriki wa wanafunzi. Hapa ndipo hitimisho la kawaida linapogeuka kichwa chini miguu juu: ushiriki ulitangulia, elimu ikafuata ili iuelekeze.

Kilichofuata ni cha kufundisha zaidi. Kuanzia mwaka 1967 kikundi cha wanafunzi kilichoongozwa na Yoweri Museveni kiliunda jumuiya ya kimapinduzi ya wanafunzi wa Kiafrika pale Mlimani. Wanachama wake waliendesha madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili, nje ya ratiba na bila mtihani, wakishirikiana na walimu kama Walter Rodney. Mwaka 1969 walianzisha jarida la Cheche. Mwaka 1970 jarida hilo lilichapisha uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya ndani ya Tanzania ya ujamaa. Mwezi Novemba mwaka huohuo jumuiya na jarida vyote vilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha, na kwamba jina la jarida liliashiria itikadi iliyoazimwa ng'ambo. Wanafunzi hawa hawakuwa wapinzani wa ujamaa. Walikuwa wamelisoma Azimio kwa makini kuliko wengi waliolihubiri. Kumbukumbu zilizohaririwa na Karim Hirji zinaonyesha vijana waliokesha wakichapa, wakikunja na kuuza jarida lao wenyewe. Kama ushiriki hupimwa kwa jasho, hapana kozi ya lazima iliyouzaa kwa kiwango hicho.

Mwongozo wa TANU wa 1971 unatoa ushahidi wa namna nyingine. Ibara yake ya 15 ilikataza viongozi kuwa na kiburi, ufahari, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliichukua ibara hiyo wakaifanya silaha ya migomo dhidi ya mameneja katika miaka iliyofuata, hadi dola ikaanza kuiona kuwa ni kero. Maandishi ya elimu ya siasa yalikuwa yamezaa ushiriki kweli, ila si ule ulioagizwa.

Ndivyo ilivyokuwa pia mwezi Machi 1978. Kwa Azimio la Musoma la 1974, kuingia chuo kikuu kulihitaji uzoefu wa kazi na mapendekezo yaliyozingatia mwenendo wa mwombaji. Kwa nadharia, huu ulikuwa mchujo bora wa kupata wanafunzi waliokomaa kisiasa. Hata hivyo wanafunzi waliingia barabarani kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya wabunge na viongozi wengine, na hoja yao ilikuwa hoja ya Azimio la Arusha lenyewe: kwamba viongozi walikuwa wakijitenga na wananchi. Mamia walifukuzwa. Wale wa 1966 waliadhibiwa kwa kuonekana wanatetea maslahi yao. Hawa waliadhibiwa kwa kutetea kanuni waliyofundishwa.

Kutokana na mifuatano hii, swali la kitafiti linapaswa kubadilika. Kuuliza kama elimu ya siasa huleta ushiriki hakutoshi. Lazima iulizwe ni ushiriki upi ambao mfumo uko tayari kuuita ushiriki, na ni upi utakaouita utovu wa nidhamu. Hojaji nyingi huorodhesha kupiga kura, kuhudhuria mikutano ya kampeni, kuwa mwanachama wa chama na kugombea uongozi. Mgomo haumo, wala waraka uliobandikwa usiku kwenye ubao wa matangazo. Mwezi Novemba 2008 vyuo vikuu kadhaa vya umma vilifungwa kufuatia migomo ya wanafunzi kuhusu sera ya mikopo na uchangiaji wa gharama. Kwa kipimo cha hojaji hizo, wanafunzi wale hawakuwa wakishiriki siasa.

Tarakimu zinazoonya

Ikiwa elimu darasani ndiyo nguvu kuu inayosukuma ushiriki, idadi ya wapigakura ingetarajiwa kupanda kadiri elimu hiyo inavyoenea. Mwaka 2005 waliojitokeza katika uchaguzi mkuu walikuwa takriban asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 wakaporomoka hadi karibu asilimia 43. Mwaka 2015 wakapanda hadi asilimia 67, na mwaka 2020 wakashuka tena hadi asilimia 51 hivi. Kati ya 2005 na 2010 serikali ilikuwa ikitekeleza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, ule uliozaa shule za kata. Vijana waliokaa darasani wakisoma Uraia walikuwa wengi kuliko wakati wowote uliotangulia.

Mtahini makini atasema kwamba asilimia hutegemea daftari, na kwamba daftari la 2010 lilikuwa limevimba. Ni kweli kwamba walioandikishwa waliongezeka kutoka takriban milioni 16.4 hadi milioni 20.1. Lakini hesabu ya kura zenyewe nayo ilishuka, kutoka zaidi ya milioni 11 hadi chini ya milioni 9, kwa hiyo daftari peke yake halielezi anguko hilo. Atasema pia kwamba tarakimu hizi ni za wapigakura wote, si za wanachuo. Hilo ni sahihi, na kwa sababu hiyo hazitumiki hapa kama uthibitisho. Zinaonya tu kwamba kupanda na kushuka huko kumefuata joto la ushindani na imani ya watu kwa uchaguzi wenyewe, na wala si muhtasari wa somo, ambao ulibaki karibu uleule.

Mwanachuo wa Kwashemshi huhesabiwa wapi?

Kijana wa Kwashemshi anayesoma Dodoma au Dar es Salaam ana makazi mawili, lakini sheria ya uchaguzi humpa kituo kimoja. Akijiandikisha chuoni, kura yake ya ubunge na udiwani ni ya mahali anapopanga chumba. Akijiandikisha nyumbani, atahitaji nauli na ruhusa. Mwaka 2010 mkanganyiko huu ulionekana wazi. Wanafunzi wengi walikuwa wamejiandikisha vyuoni. Kisha ufunguzi wa vyuo vikuu ukasogezwa hadi baada ya siku ya kupiga kura, tarehe 31 Oktoba. Siku hiyo walikuwa makwao, na majina yao yalikuwa kwenye kuta za vituo vilivyo mamia ya kilomita kutoka walipo. Hakuna kiasi cha elimu ya siasa ambacho kingeweza kuiziba nafasi hiyo. Mtafiti aliyewauliza mwaka uliofuata kama walipiga kura aliandika "hapana", na "hapana" hiyo ikasomwa kama dalili ya kutojali.

Uchaguzi wa serikali za mitaa una tatizo lilelile kwa mgeuko. Umefanyika tarehe 14 Desemba 2014, 24 Novemba 2019 na 27 Novemba 2024, yaani katika kipindi ambacho kwa kawaida vyuo vikuu vina masomo. Orodha ya wapigakura wake huandaliwa katika kitongoji au mtaa, mbali na daftari la kudumu, na humtaka mkazi ajitokeze mwenyewe katika siku chache zilizopangwa. Huo ndio uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji, mtu ambaye muhuri wake kijana huuhitaji kwenye barua ya utambulisho kabla hata ya kumhitaji mbunge. Ndio pia uchaguzi ambao hojaji za vyuoni huutaja kwa nadra.

Kisha kuna mkutano mkuu wa kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaupa mkutano huo sauti katika ugawaji wa ardhi ya kijiji. Katika ukanda wa mkonge, ambako shamba kubwa na kijiji vimekaa ubavu kwa ubavu tangu enzi ya Wajerumani, hakuna siasa nzito kuliko hiyo. Ni vivyo hivyo kwa vyama vya ushirika vya wakulima wadogo wa mkonge katika mashamba ya Korogwe kama Magoma, Mwelya, Magunga, Hale na Ngombezi, ambako mabishano juu ya makato, bei ya singa na madeni ni mabishano kuhusu madaraka. Mwanachuo aliyesomeshwa kwa fedha ya mkonge akisimama katika mkutano wa namna hiyo kuuliza maana ya tarakimu zilizosomwa na katibu, anashiriki siasa kwa maana kamili ya neno. Kitenzi chenyewe kinasema hivyo: kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo, kama ilivyo katika ushirika na shirika, na si kuhudhuria tu.

Sheria nayo imeweka mpaka wake. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza vyama kufungua matawi mahali pa kazi na katika shule na vyuo. Sababu yake ya kihistoria inaeleweka, kwa kuwa matawi hayo yalikuwa mikono ya chama kimoja. Matokeo yake lakini ni kwamba mwanafunzi hufundishwa nadharia ya vyama vingi mahali ambapo chama hakiruhusiwi kuwa na tawi. Marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2019 yaliongeza sharti la kumwarifu Msajili kabla ya mtu au taasisi kutoa elimu ya uraia kwa chama cha siasa. Mwezi Machi 2022 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya marekebisho hayo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Ni vigumu kueleza jinsi tafiti zinazopendekeza elimu ya siasa iongezwe zinavyoweza kulinyamazia swali la nani anaruhusiwa kuitoa.

Msamiati uliokuwapo

Kuna jambo moja zaidi ambalo mazingira ya Korogwe yanalidai. Steven Feierman, katika utafiti wake wa historia ya Usambara uliochapishwa mwaka 1990, alionyesha kwamba wasemaji wa Kishambaa walikuwa na msamiati wao wa kuzungumzia utawala: kuiponya nchi na kuidhuru nchi. Mtawala aliyeiponya nchi alileta mvua na shibe. Watawala walioshindana bila mmoja kuwa na nguvu juu ya wengine waliidhuru. Msamiati huo haukufa na ukoloni. Katika miaka ya 1950, serikali ya Waingereza ilipowalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye miteremko ya Usambara ili kuzuia mmomonyoko, kazi iliyowaangukia zaidi wanawake, upinzani uliotokea ulizungumzwa kwa lugha hiyohiyo. Mpango ukavunjika, na TANU ikapata wafuasi milimani.

Wakulima wale, wengi wao bila shule, walikuwa na elimu ya siasa. Waliipata katika mabaraza, katika masimulizi na katika kazi. Mwanachuo anayetoka sehemu hizi hafiki chuoni akiwa chungu kitupu. Hufika na namna ya kumpima mtawala kwa hali ya shamba na ya chungu. Tafiti zinazoegemea kipimo cha utamaduni wa kiraia kilichobuniwa na Almond na Verba mwaka 1963, kwa kutazama mataifa matano ambayo hakuna hata moja la Afrika, huanza kwa kudhani kwamba maarifa ya siasa ni kujua majina ya viongozi na kazi za mihimili. Kwa kipimo hicho bibi wa Kwashemshi anayeweza kueleza ni mwaka gani ardhi ya kitongoji ilimegwa, na kwa idhini ya nani, hupata sifuri.

Udhaifu wa vipimo

Kuhusu mbinu, uhakiki unaweza kuwa mfupi kwa kuwa kasoro ni zilezile. Sampuli inayoteuliwa kwa makusudi kutoka kwa viongozi wa serikali za wanafunzi hukusanya watu ambao tayari wanashiriki, kisha huwauliza kama elimu imewasaidia. Nao husema ndiyo. Uwiano kati ya kusoma taaluma ya siasa na kupenda siasa huripotiwa kama athari, ilhali apendaye siasa ndiye aliyechagua taaluma hiyo. Mwanafunzi anayejaza hojaji mbele ya mhadhiri hana sababu kubwa ya kukiri kwamba kozi ya lazima aliikariri kwa ajili ya mtihani.

Utafiti unaoweza kurekebisha haya si mgumu kuubuni. Ungewafuata wanachuo wachache kutoka kata moja kwa miaka yote ya masomo, chuoni na nyumbani, ukarekodi walikoandikishwa, siku za uchaguzi walikuwa wapi, na mikutano gani ya kijiji au ya ushirika ilifanyika walipokuwa likizo. Ungelinganisha maneno yao na mihtasari ya mikutano hiyo, ambayo kwa utaratibu hutakiwa kutunzwa katika ofisi ya kijiji, na ambamo jina la mchangiaji huandikwa pamoja na hoja yake. Kwa kata kama Kwashemshi, daftari la mihtasari lingekuwa ushahidi wa kwanza wa kufunguliwa, kabla hojaji haijachapwa.